Nyama ya Nguruwe Ihukumiwe kwa Haki

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Kila kurasa za afya zinapotoa orodha ya vyakula vya kujihadhari navyo, nyama ya nguruwe hutajwa kwa jina hilo tu, bila kusemwa ni kipande gani, kimepikwaje, wala mnyama mwenyewe alilishwa nini, kisha hufuatishwa maneno matatu: ina mafuta, ina minyoo, ni chafu. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa nyama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninajua kwamba kila moja ya kauli hizo ina chembe ya ukweli, ila chembe hiyo imepandwa mahali pasipo pake. Nguruwe ni mnyama ambaye nyama yake husema alivyotunzwa, na mengi tunayomlaumu kwayo hayakuanza kwake.

Niseme mapema kwamba siandiki ili kumshawishi mtu ambaye dini yake imemkataza nyama hii. Waislamu, Wayahudi na baadhi ya madhehebu ya Kikristo huiacha kwa sababu ya utii, na utii hauhitaji ruhusa ya jedwali la virutubisho. Ninachokipinga ni pale ambapo katazo la imani linabadilishwa kuwa fundisho la afya, likaambiwa hata wale ambao imani yao haiwakatazi, kana kwamba maabara ndiyo iliyolitoa.

Nianze na kile ambacho nyama hii inacho kwa wingi kuliko nyama nyingine tuzilazo, nacho ni vitamini B1, au thiamini. Gramu 100 za sarara (mnofu laini wa mgongoni) ya nguruwe iliyopikwa zina karibu miligramu 1 ya vitamini hiyo, ilhali mtu mzima anahitaji miligramu 1.1 hadi 1.2 kwa siku nzima. Kipande kinacholingana na hicho kutoka kwa ng'ombe hutoa takriban sehemu moja tu ya kumi. Tofauti hii inatokana na misuli ya nguruwe, ambayo ina uwezo wa kuhifadhi thiamini kuliko misuli ya mifugo wengine. Anayetaka kujua uzito wa jambo hili na asome habari za beriberi, ugonjwa uliolegeza miguu ya watu, ukavimbisha miili yao na kuichosha mioyo yao hadi kufa, hasa palipoliwa mchele uliokobolewa mpaka ukawa mweupe pe. Daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java katika miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa mchele wa namna hiyo wakipooza miguu, kisha wakapata nafuu walipopewa mchele usiokobolewa. Kwa njia hiyo ilianza kueleweka kwamba chakula kinaweza kushibisha na bado kikaacha pengo la hatari mwilini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mwili wa binadamu hauna ghala kubwa la thiamini, na akiba yake huweza kumalizika kwa majuma machache, ndiyo maana mtu mwenye chakula cha aina moja, au mlevi wa kupindukia asiyekula vizuri, huingia matatani mapema.

Hapa pana jambo la jikoni ambalo ningependa lijulikane zaidi. Thiamini huyeyuka katika maji na haipendi moto mwingi wa muda mrefu. Anayechemsha nyama kisha akamwaga supu yake amemwaga sehemu ya kile alichokinunua, na anayetia magadi ili nyama ilainike haraka huiharibu thiamini zaidi, kwa kuwa vitamini hii haistahimili vitu vya aina ya magadi. Supu na inywewe, au itumike katika mchuzi.

Mbali na thiamini, mnofu wa nguruwe una protini iliyokamilika, yaani yenye asidi amino (vijenzi vya protini) zote 9 ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Una niasini, vitamini B6 na B12, zinki, fosforasi na seleni. Kwa madini ya chuma, haki inanidai niseme kwamba msuli wa nguruwe uko nyuma ya ule wa ng'ombe. Rangi yenyewe inaonyesha, kwa sababu wekundu wa nyama unatokana na mioglobini, protini inayobeba chuma, nayo ni kidogo katika nguruwe. Weupe huo uliwapa wafanyabiashara wa Marekani, mwaka 1987, nafasi ya kuitangaza nyama hii kuwa ni nyama nyeupe kama ya kuku. Hilo lilikuwa tangazo la biashara. Shirika la Afya Duniani linaihesabu nyama ya nguruwe pamoja na nyama nyekundu, na mlaji aipange hivyo.

Lakini mtu akihama kutoka kwenye msuli akaenda kwenye ini, hesabu inageuka. Ini bichi la nguruwe lina zaidi ya miligramu 20 za chuma katika gramu 100, kiasi kinacholizidi ini la ng'ombe mara kadhaa, nalo ni chuma cha aina ambayo utumbo wetu hukifyonza kwa urahisi kuliko kile cha mbogamboga. Kwa mtu mwenye upungufu wa damu unaotokana na kukosa chuma, hicho si kitu cha kudharauliwa. Zipo hadhari mbili. Ini hilo lina vitamini A nyingi kupita kiasi cha siku, hivyo mwanamke mjamzito hashauriwi kulila, kwa kuwa wingi wa vitamini hiyo waweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tena ini la nguruwe linaweza kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya E, kwa hiyo lisiliwe likiwa na wekundu ndani, hata kama mpishi anasifia ulaini wake.

Sasa nije kwenye mafuta, shtaka linalosikika kila mahali. Gramu 100 za sarara iliyookwa, baada ya kuondolewa mafuta ya juu, zina protini gramu 26 hivi, mafuta gramu 3 na nusu, na kilokalori zipatazo 143. Gramu 100 za nyama mbichi ya tumbo la nguruwe yuleyule zina mafuta gramu 53, protini gramu 9, na kilokalori zaidi ya 500. Mnyama ni mmoja, kisu ni kimoja, na meza ni moja, lakini vipande hivi viwili vinapishana kwa mafuta mara 15. Kuviandika vyote katika mstari mmoja wa jedwali, chini ya neno moja, ni kumnyima msomaji jambo ambalo lingemfaa kuliko yote aendapo buchani. Kwato na ngozi nazo ni habari nyingine kabisa: zimejaa kolajeni, ambayo ni protini yenye upungufu kwa kuwa haina kabisa asidi amino iitwayo triptofani, hivyo haziwezi kushika nafasi ya mnofu kwa mtoto anayekua.

Mafuta yenyewe si ya namna moja. Karibu asilimia 40 ya mafuta ya nguruwe ni yale yaliyoshiba, ambayo yakizidi hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Zaidi kidogo ya hapo ni yale yasiyoshiba ya aina ya asidi oleiki, inayopatikana pia katika mafuta ya zeituni. Simwambii mtu ayanywe kwa kijiko. Natoa maelezo haya kwa sababu ndani yake mna siri ya mnyama huyu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua, na majani wanayokula hupitia kwanza katika tumbo kubwa lenye vijidudu vingi vinavyogeuza mafuta ya malisho yawe mengine kabla hayajafika kwenye damu. Nguruwe hacheui. Tumbo lake lina chumba kimoja kama letu, na mafuta aliyoyala huingia mwilini mwake bila kubadilika sana. Akilishwa chakula chenye mafuta mengi ya mbegu, mafuta yake huwa laini. Akilishwa unga wa samaki hadi siku za mwisho, nyama yake hunuka samaki. Wachinjaji wa zamani walilijua hilo kwa pua zao. Kwa hiyo anayeuliza kama nyama ya nguruwe ni nzuri anapaswa kwanza kuuliza nguruwe huyo alikula nini, na swali hilo lina jibu kwa mfugaji.

Neno uchafu limemkaa nguruwe kama chapa, na mimi niliyewaona kwa maelfu nasikitika kulisikia likirudiwa na watu waliosoma. Nguruwe ana tezi chache sana za jasho zinazofaa kumpoza, na mwili wake una tabaka nene la mafuta linalozuia joto kutoka. Joto likizidi hana namna ila kujiloanisha, na tope humfaa kuliko maji matupu kwa sababu hukawia kukauka, likaendelea kumpoza, na likamkinga ngozi dhidi ya jua. Akipewa banda lenye nafasi, kivuli na maji safi, hutenga mahali pake pa kulala na mahali pa kunyea, wala hachanganyi. Anayemwona amelala juu ya kinyesi chake amwangalie aliyejenga banda hilo.

Na ni mnyama wa kustaajabisha kwa uzazi na ukuaji. Jike hubeba mimba kwa siku 114 hivi, ambazo wafugaji hukumbuka kuwa ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kisha huzaa watoto 10 au zaidi, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 1 na kitu. Katika siku za mwanzo watoto hao hugombania matiti hadi kila mmoja akapata titi lake, na baada ya hapo hulirudia lilelile kila wanyonyapo. Kwa malisho mazuri hufikia kilo 100 katika muda wa miezi 6 hivi, na hutumia chakula kidogo kuliko ng'ombe kwa kila kilo ya uzito wanayoongeza. Babu yao ni nguruwe mwitu wa Asia na Ulaya, aliyeanza kufugwa yapata miaka 9,000 au zaidi iliyopita, katika eneo la Uturuki ya leo na, bila uhusiano na huko, katika nchi ya China. Mwili wake umekaribiana na wetu kiasi kwamba insulini yake inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino moja tu, na kwa miongo mingi wagonjwa wa kisukari waliishi kwa insulini iliyotolewa katika kongosho la nguruwe na la ng'ombe.

Kuhusu saratani, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ukweli wake haubishaniwi sana bali husimuliwa vibaya. Oktoba 2015, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani, na nyama nyekundu zote katika kundi la vile ambavyo huenda husababisha. Ulikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Makundi hayo hupangwa kwa nguvu ya ushahidi, wala hayasemi kwamba soseji ina madhara sawa na sigara. Hata hivyo onyo lenyewe ni la kweli na ninaliunga mkono: bekoni ya kukaanga ina chumvi nyingi mno, na anayekula gramu 100 zake anakaribia au anapita kiwango cha sodiamu cha siku nzima kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Soseji ya ng'ombe nayo imo katika onyo hilohilo. Kosa ni la kusindika, na limewekwa juu ya jina la mnyama.

Nimebakiza minyoo kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo kutokuelewa kunapoua watu. Tegu wa nguruwe, ambaye wataalamu humwita Taenia solium, huishi akiwa mzima ndani ya utumbo wa binadamu, mahali pengine hapana. Hurefuka mita kadhaa, na vipande vyake vinavyotoka na choo hubeba mayai kwa maelfu. Nguruwe huyapata anapokula kinyesi cha binadamu au chakula kilichochafuliwa nacho, na mayai hayo hupasuka ndani yake yakawa vifuko vidogo vyeupe katika misuli. Vifuko hivyo ndivyo tulivyokuwa tukivitafuta katika ulimi, katika misuli ya taya na katika moyo, na mzoga uliojaa vifuko haukutoka machinjioni kwenda kwa mlaji. Mtu anayekula nyama yenye vifuko bila kuiivisha sawasawa hupata tegu wa utumboni, ambaye mara nyingi humsumbua kidogo tu au asimsumbue kabisa.

Ugonjwa mzito ni mwingine. Mtu akimeza mayai yenyewe, mwili wake hushika nafasi ya mwili wa nguruwe, na vifuko huota ndani yake, vingine katika ubongo, vikaleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Mayai hayo hayamo katika nyama ya nguruwe. Yamo katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, na husafiri kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji, na kwa mboga zilizomwagiliwa maji machafu. Mwaka 1992 madaktari waliripoti kutoka New York wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi washika dini, watu wasiogusa nyama ya nguruwe, waliokutwa na vifuko hivyo ubongoni; uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani, na mmoja wao alikutwa na tegu. Katika kazi yangu niliwahi kuulizwa na mzazi, kwa uchungu mwingi, mtoto wake angepataje ugonjwa huo ilhali nyumbani kwao nyama hiyo haijawahi kuingia. Alikuwa ameambiwa kwamba asiyekula nguruwe yuko salama. Aliyemwambia hivyo hakumtakia mabaya, lakini alimfungia macho asitazame choo, kisima na mikono ya wanaopika.

Mnyoo mwingine, trikinela, ambaye James Paget alimwona London mwaka 1835 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, huja kweli kwa kula nyama isiyoiva. Naye hana nguvu mbele ya moto. Marekani inashauri nyama nzima ifikie nyuzijoto 63 za Selsiasi katikati yake kisha iachwe itulie dakika 3, na ile ya kusaga ifikie 71. Ushauri huo umetolewa mahali ambapo nguruwe hufungwa ndani na kukaguliwa; pale ambapo nguruwe huzurura, mimi nasema nyama ikatwe vipande vidogo na iive mpaka isibaki na wekundu katikati wala maji yenye rangi ya damu. Chumvi na moshi peke yake visitegemewe. Na kwa kuwa mafua ya mwaka 2009 yaliitwa mafua ya nguruwe, na homa ya nguruwe ya Afrika bado inaangamiza mabanda mazima, ni vema pia ieleweke kwamba ya kwanza haikuenea kwa kula nyama, na ya pili haimwambukizi binadamu.

Tegu wa nguruwe alitajwa mwaka 1993 na jopo la kimataifa la wataalamu kuwa miongoni mwa magonjwa yanayoweza kufutwa duniani. Sababu ni rahisi kuiona: mzunguko wake unamhitaji binadamu anayejisaidia mahali ambapo nguruwe anafika. Nguruwe akifungiwa bandani na kulishwa, choo kikiwa na mlango na shimo lililofunikwa, mzunguko huo hukatika. Dawa ya kumtoa tegu utumboni ipo, na itolewe na daktari, kwa sababu mtu mwenye vifuko ubongoni asiyejijua anaweza kudhurika akiimeza kiholela. Chanjo ya nguruwe nayo ipo, na dawa ya kumsafisha nguruwe aliyekwisha kuambukizwa ipo, mradi siku za kusubiri kabla ya kuchinja ziheshimiwe.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Gazeti lako litakapochapa tena orodha ya vyakula, na nyama ya nguruwe ikawamo, naomba pembeni mwake liandikwe jina la kipande, na pale penye neno minyoo liongezwe neno choo.

Wako mtiifu,
Mkaguzi wa nyama mstaafu